DAKTARI WA JICHO MOJA ALIYEONA MBALI: MAISHA YA DENIS BURKITT

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mpenzi msomaji, katika toleo hili nakuletea maisha ya mtu aliyeuliza maswali mpaka dunia nzima ikamsikiliza. Naye ni Daktari Denis Parsons Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi kwa jirani zetu wa Uganda kwa miaka ishirini. Jina lake limebaki katika vitabu vya tiba, kwani kuna aina ya saratani ya watoto inayoitwa hivyo hivyo: limfoma ya Burkitt.

Utoto na masomo

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, mahali ambapo leo ni Ireland ya Kaskazini. Babake alikuwa mhandisi, lakini saa za mapumziko alikuwa mtu wa ndege. Aliwavisha ndege wadogo pete miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja anaishi upande gani wa shamba. Kumbuka jambo hilo la ramani, maana mtoto wa nyoka ni nyoka.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, wavulana walikuwa wakirushiana mawe. Jiwe moja likampiga usoni, miwani ikavunjika, na jicho lake la kulia likapotea. Hebu fikiria: mtoto wa darasa la sita hivi, jicho moja limekwenda, na baadaye ndiye atakuwa mpasuaji!

Mwaka wa 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama babake. Haukupita muda mrefu akabadilisha nia na kuingia udaktari. Alihitimu mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akafaulu mtihani wa juu wa wapasuaji kule Edinburgh. Jina la Burkitt halikuwa geni katika Afrika Mashariki wakati huo. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa mpasuaji mashuhuri hapa Nairobi.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vimepamba moto, Denis aliomba kazi ya udaktari katika makoloni. Alikataliwa, eti kwa sababu ana jicho moja. Hakukata tamaa. Alijiunga na jeshi kama daktari, akahudumu hata hapa Kenya. Mwaka wa 1943 alimwoa Olive Rogers, nao wakajaliwa mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka wa 1946 akapelekwa Uganda.

Lira na Mulago

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango. Hapo daktari hakuchagua kazi. Asubuhi mama wa kupasuliwa ajifungue, mchana mguu uliovunjika, usiku mzee mwenye ngiri iliyokaba. Wengi wetu tumesikia ngiri ikitajwa kwa mzaha, lakini si mchezo. Kipande cha utumbo hupenya kwenye udhaifu wa misuli ya tumbo au kinena. Kikinaswa hapo, damu haipiti, utumbo unaanza kuoza, na mgonjwa asipopasuliwa upesi hufa. Pia kulikuwa na wanaume wengi wenye mabusha, yaani maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani.

Mpasuaji mwingine angepasua mabusha hayo na kwenda zake. Burkitt aliuliza wagonjwa wanatoka wapi. Akagundua kuwa wengi walitoka mashariki ya wilaya, na wa magharibi walikuwa wachache sana. Kwa nini, ilhali ni wilaya moja? Baadaye ilieleweka kuwa tofauti hiyo ilihusiana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Ramani yake ya kwanza ilikuwa imezaa matunda.

Mwaka wa 1948 alihamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago.

Uvimbe wa taya

Mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Uso ulikuwa umevimba pande zote, taya za juu na za chini, meno yamelegea. Jipu halivimbi pande nne kwa mara moja. Burkitt alitazama, akapiga picha, asipate jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kikazi. Akichungulia dirishani, alimwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Alitoka mbio akampima, na kumbe hata tumboni mlikuwa na uvimbe. Mtoto mmoja ni ajabu, wawili ni swali. Aliporudi Mulago alianza kufukua mafaili ya zamani. Akaona kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa mayai ya uzazi, ambao madaktari waliuhesabu kama magonjwa mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 alichapisha makala yake ya kwanza juu yake.

Lililomuumiza ni kwamba kisu hakikufua dafu. Ukikata hapa, uvimbe unatokea pale, na watoto walikuwa wakifa katika muda wa miezi tu. Tiba ya mionzi haikuwepo Uganda. Basi akajaribu dawa mpya za kupambana na saratani, alizozipata kwa msaada wa madaktari wa Marekani. Ajabu ni kwamba uvimbe ulianza kuyeyuka kama siagi juani, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mpasuaji aliweka kisu chini, watoto wakaishi.

Safari ya kilomita 16,000

Bado aliuliza: ugonjwa huu uko wapi na wapi? Aliandikia hospitali nyingi za Afrika akiambatanisha picha. Kisha mwaka wa 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu kwa pauni 250 wakaelekea kusini. Williams alijua ufundi wa magari, na kwa barabara za siku hizo, bila yeye wangelala porini. Walizunguka kwa wiki kumi, wakapita hospitali baada ya hospitali mpaka Afrika Kusini na kurudi, jumla ya kilomita 16,000 hivi.

Ramani ilipokamilika, ilionekana kwamba ugonjwa hukaa mahali penye joto na mvua. Kwenye nyanda za juu, kama mita 1,500 kwenda juu karibu na ikweta, ulikuwa nadra. Hiyo ni ramani ya malaria! Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi maabara yake. Mwaka wa 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kuwa wameona virusi ndani ya seli zake. Ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Watu wengi duniani wanavyo bila madhara, lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hupungukiwa na kinga ya kuvizuia.

Swali la chakula

Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966. Huko alikutana na mawazo ya Thomas Cleave, daktari wa jeshi la majini aliyelaumu sukari na unga mweupe kwa maradhi mengi. Burkitt akakumbuka: wodi za Uingereza zilijaa watu wenye kidole tumbo, vijiwe vya nyongo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana. Kule Uganda alikuwa amekutana na vijiwe vya nyongo mara chache mno.

Akaanza tena kuandikia hospitali za vijijini. Zaidi ya hayo, yeye na wenzake walipima choo. Ndiyo, usicheke! Waliwapa watu vitu vidogo vya kumeza, wakahesabu saa mpaka vitoke. Kwa wanavijiji wa Afrika chakula kilipita katika siku moja na nusu hivi, na choo kilikuwa kingi na laini. Kwa Waingereza kilichukua siku tatu au zaidi, na choo kilikuwa kidogo na kigumu. Alisema tofauti ilitokana na nyuzinyuzi za chakula, zile tunazozipata katika unga usiokobolewa, wimbi, mtama, maharagwe, mboga na matunda.

Haki itendeke: si yote aliyodai yamethibitishwa. Chanzo cha kidole tumbo, kwa mfano, bado kinajadiliwa. Lakini leo inakubalika kwamba nyuzinyuzi huzuia kufunga choo na hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Tunajifunza nini?

Wenzangu, kwanza tusiidharau githeri ya shule. Tunayoinung'unikia bwenini, wataalamu wanaipigia debe. Lakini maharagwe si dawa ya kila kitu. Mwenzako akishikwa na maumivu yanayohamia upande wa kulia chini ya tumbo, au ngiri yake ikigoma kurudi ndani na kuuma, usimpe maji ya moto ukamwambia alale. Mwambie mwalimu wa zamu, apelekwe hospitali usiku huo huo. Na mdogo wako nyumbani akivimba taya, wazazi wasiridhike kwamba ni jino tu. Mtoto wa limfoma ya Burkitt akiwahishwa huweza kupona, akicheleweshwa hupotea.

Pili, mtu huyu alinyimwa kazi kwa sababu ya jicho moja, lakini aliona kitu kilichowapita wenye macho mawili. Walimu wetu hutuambia tuulize darasani, nasi tunaogopa kuchekwa. Tuulize tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.