Che Guevara katika Fizi: munganga aliyeshika bunduki, na somo lake kwa wauguzi wa leo

Tarehe 24 Aprili 1965, kikundi kidogo cha Wacuba kilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kutua Kibamba, katika teritware ya Fizi. Mmoja wao alijulishwa kwa wapiganaji wa Simba kama munganga na mkalimani wa Kifaransa. Jina lake la vita lilikuwa Tatu, kwa sababu Wacuba hao walijipa majina ya hesabu ya Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Ni wachache sana waliojua kwamba Tatu ndiye Ernesto Che Guevara, mtu ambaye dunia nzima ilikuwa inauliza amekwenda wapi.

Wazee wa Fizi na Baraka wanamkumbuka kama mpiganaji. Lakini kwa vijana wanaosomea uuguzi, maisha yake yanauliza swali lingine: mwenye kiapo cha kutibu akishika bunduki, ni nani anabaki kumlinda mgonjwa, na ni nani anamlinda muuguzi?

Che alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928. Tangu utoto alisumbuliwa na pumu, na ugonjwa huo haukumwacha hadi kifo. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Mwaka 1952, kabla ya kumaliza masomo, alizunguka Amerika ya Kusini pamoja na rafiki yake na kufika San Pablo, kambi ya wagonjwa wa ukoma huko Peru. Huko aliona jinsi maskini wanavyofichwa mbali na watu. Alipata shahada yake mwaka 1953.

Miaka miwili baadaye alikutana na Fidel Castro huko Mexico. Mwishoni mwa 1956, watu 82 walipanda mashua Granma kwenda kupigana Cuba, na Che alikuwa daktari wao. Siku chache baada ya kutua, walishambuliwa na jeshi mahali panapoitwa Alegría de Pío. Mbele yake palikuwa na sanduku la dawa na sanduku la risasi, na hakuweza kubeba yote mawili. Aliacha dawa, akabeba risasi. Yeye mwenyewe alisimulia jambo hilo baadaye kama siku aliyochagua kati ya udaktari na vita.

Hata hivyo, udaktari haukumtoka. Milimani aliwatibu wanakijiji, na hata askari wa adui waliojeruhiwa na kutekwa. Lakini baada ya ushindi wa 1959, huyo huyo alisimamia gereza la La Cabaña, ambako watu wa serikali iliyoanguka walihukumiwa na kupigwa risasi. Wanaomsifu na wanaomlaumu wote wana mambo ya kuonyesha.

Katika milima ya Fizi alikuta vita visivyo na mpango. Wakubwa wengi walikuwa mbali na uwanja wa mapigano. Wapiganaji walitegemea dawa ya kienyeji iliyosemekana inageuza risasi kuwa maji. Aliyekufa alidaiwa kuwa alivunja mwiko au aliogopa, kwa hiyo dawa yenyewe haikulaumiwa kamwe. Che alisaidia katika zahanati ya Wacuba, wakitibu malaria, magonjwa ya zinaa na majeraha ya risasi, mengine yakiwa ya wapiganaji waliolewa na kujipiga wao kwa wao. Yeye mwenyewe aliugua malaria na pumu, akakonda sana.

Mwishoni mwa Septemba, jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare walitua Baraka, kisha Fizi pia ikachukuliwa. Tarehe 21 Novemba 1965 Che alivuka ziwa kurudi Kigoma, na katika maandishi yake akakiri kwamba safari hiyo ilishindwa. Kijana Mkongo aliyemfundisha Kiswahili, Freddy Ilanga, alikwenda Cuba, akasomea udaktari na kuwa mpasuaji wa ubongo wa watoto.

Sheria inasemaje? Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 1961, haimkatazi daktari kuwa askari. Lakini ulinzi inaoutoa unategemea kutochanganya kazi hizo mbili. Munganga au muuguzi analindwa kwa sababu anatibu tu. Anaweza hata kuwa na silaha ndogo ya kujilinda yeye na wagonjwa wake. Lakini akitumia kazi yake kumdhuru adui, ulinzi huo unamwacha. Hasara haimpati peke yake: siku wapiganaji wakizoea kwamba munganga anaweza kuwa kamanda, kila blausi nyeupe inatiliwa shaka.

Itifaki ya pili ya 1977, inayohusu vita vya ndani ya nchi, inaongeza kwamba hakuna mtu wa kuadhibiwa kwa kutibu kulingana na maadili ya kazi, hata aliyetibiwa awe nani. Kwa muuguzi anayeulizwa kwa nini alimfunga kidonda mtu wa upande fulani, hilo ndilo jibu.

Che mwenyewe alikufa bila ulinzi huo. Tarehe 8 Oktoba 1967 alikamatwa Bolivia akiwa na jeraha la mguu. Kesho yake alipigwa risasi katika shule ya La Higuera, bila kesi, akiwa na miaka 39. Sheria inakataza kumuua mateka aliyejeruhiwa. Mwili ulipelekwa hospitali ya Vallegrande, wauguzi wakauosha, ukalazwa mahali pa kufulia nguo ili watu wautazame. Mikono ilikatwa kwa ajili ya utambuzi, na kaburi likafichwa hadi 1997.

Hapa kwetu jambo hili si historia tu. Mwaka 2020, mashambulizi dhidi ya wafanyakazi wake yalilifanya shirika la MSF kutangaza kwamba linaacha sehemu kubwa ya kazi zake katika teritware ya Fizi. Waliobaki bila huduma ni mama wajawazito na watoto wenye malaria. Kijana anayesoma uuguzi Baraka ana haki ya kuwa na mawazo yake ya siasa. Lakini akivaa blausi, mbele yake kuna mgonjwa tu, na bunduki inabaki nje ya mlango, iwe ya nani.