Birdsill Holly, fundi aliyepeleka moto nyumba kwa nyumba ndani ya tiyo

Ndugu zetu wengi wa Fizi waliopitia kambi ya Nyarugusu leo wanaishi Buffalo, ku jimbo la New York, Marekani. Wakipiga simu ku Baraka mwezi wa kwanza, habari ni baridi na teluji tu. Sisi wa kando ya ziwa tunacheka, lakini mutu wa Minembwe ao wa Itombwe hacheki, juu ya kule milimani usiku bila moto haulali. Karibu na Buffalo, mwendo wa gari usiofika saa moja, kuko muji mudogo unaitwa Lockport. Huko ndiko aliishi muzee Birdsill Holly.

Holly alizaliwa mwaka 1820 ku Auburn, ku jimbo lile lile. Baba yake alikufa yeye akingali mtoto, basi masomo yakakatika mapema, akaingia atelie kujifunza kazi ya mikono. Hakupata diplome yoyote. Alijifunza mashine kwa kuzifungua na kuzifunga tena, kama vile mafundi wetu wa pikipiki wanavyofanya. Pale Seneca Falls alitengeneza pampu za kuzimia moto, kisha mwaka 1859 akahamia Lockport, akafungua kampuni yake kando ya mfereji wa Erie, penye maji yenye nguvu ya kuzungusha mashine.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa maji. Zamani hizo miji mingi ilijengwa kwa mbao, na moto ukiwaka watu walipanga mstari na ndoo. Holly akasukuma maji kwa pampu moja kwa moja ndani ya tiyo chini ya barabara, bila kungoja tanki kubwa juu ya mlima, na mwaka 1869 akapata hati ya robine yake ya barabarani ya zima moto. Mutu yeyote aliyeona soko likiungua huku watu wakikimbilia ziwani na bido anajua kazi hiyo ina maana gani.

Si kila wazo lake lilipokelewa. Alitaka kujenga mnara wa zaidi ya mita 200 kwenye kisiwa cha Goat, pale maporomoko ya Niagara. Wenye pesa waliona ni ndoto, wakakataa. Na ku nyumba kwake mambo hayakuwa shwari, ndoa yake ya kwanza ilivunjika.

Basi akarudi ku swali la baridi. Kila nyumba, kila shule, kila ofisi ya serikali ilikuwa na jiko lake chini, mutu wake wa kuchochea, makaa yake na majivu yake. Kwa nini kila mutu awashe wake? (Tunajua hesabu hiyo: hesabu tu magrupu yanayopiga kelele Baraka saa moja ya jioni, kila duka na lake.) Akaweka birika kubwa la mvuke chini ya nyumba yake, akalaza tiyo ndani ya uwanja, akaona mvuke unafika mbali ukingali na joto. Mwaka 1877 kampuni yake mpya ikaanza kuuza mvuke Lockport.

Ugumu haukuwa moto. Chuma kikipata joto kinarefuka, kikipoa kinarudi, na tiyo inapasuka. Kwa hiyo alitengeneza viungo vinavyoteleza. Ili joto lisipotelee udongoni, alifunika tiyo na kuzipitisha ndani ya magogo yaliyotobolewa. Akaongeza chombo cha kupunguza nguvu ya mvuke kabla haujaingia nyumbani, na mita ya kupimia, juu ya bila mita hakuna anayelipa sawa na alichotumia.

Jengo la zamani la watu wote likiungwa ku mtandao kama huo, kuta haziguswi sana. Jiko la chini linatolewa, pahali pake panawekwa valvu, mita na mashine ya kubadilisha joto. Mitandao ya siku hizi inatumia maji ya moto kuliko mvuke. Hapo ndipo kuna gharama: vyuma vya zamani vya ukutani vilizoea joto kali, vingine lazima vibadilishwe na madirisha yazibwe, la sivyo wafanyakazi watavaa makoti ofisini.

Denver ilianza mvuke wake mwaka 1880, New York mwaka 1882. Holly alikufa Lockport mwezi wa nne 1894, akiwa na miaka 73. Chini ya barabara za New York tiyo za mvuke bado zinafanya kazi, karibu kilometa 170, na jumba la Empire State lenyewe linapata joto lake humo.