Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Haki ya Mtoto Kufundishwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, darasa yetu ya hapa Eldoret ilikuwa ikisoma mlango wa haki za watoto juu ya wazazi wao. Tulipofika kwenye haki ya kufundishwa, kijana mmoja aliuliza kama yuko katika maulamaa wa pwani yetu aliyeishika haki hii kwa vitendo, si kwa maneno, tupate kumfuata. Jawabu ni kuwa wako wengi. Lakini ambaye khabari zake zina mafunzo zaidi katika jambo hili ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kwa hivyo tumeona tuyaandike maisha yake kwa ufupi, na tuwapelekee ndugu zetu wa pwani ambao yeye ni wao kabla ya kuwa wetu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa katika mwaka wa 1891. Wazee wake, Mazrui, walikuwa watawala wa mji huo mpaka 1837, uliposhikwa na Sayyid Said bin Sultan. Utawala uliondoka, elimu ikabakia. Babake, Sheikh Ali bin Abdalla bin Nafi, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyesoma Makka na kusomesha watu wengi Mombasa. Lakini alifariki katika 1894, na mwanawe hajatimiza bado miaka 4. Basi mtoto huyu hakuwahi kukaa na kitabu mbele ya babake.

Aliyemchukua ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye alikuwa mwanafunzi wa huyo marehemu. Elimu aliyoipokea kwa baba akaona ni deni juu yake kuirejesha kwa mwana. Akamlea, akamsomesha, wala hakumwacha mpaka alipokuwa mtu wa kutegemewa.

Hapa tusimame kidogo. Kila Mwislamu anajua kuwa mali ya yatima ni moto kwa mwenye kuila kwa dhulma. Lakini wengi wetu hudhani kuwa aliyemlisha yatima na kumvika amekwisha kutimiza yaliyo juu yake. Sheikh Suleiman hakuona hivyo. Aliona kuwa akili ya mtoto nayo ni mali, na kuiacha bure mpaka ikafa ni kuila vilevile. Lau mtoto yule angaliachiwa kula na kulala tu, hapana ambaye angalimlaumu mlezi wake, na pwani nzima ingalikosa mwalimu wake bila ya kujua kuwa imekosa kitu.

Alipopata umri alisafiri Unguja, akasoma kwa wanavyuoni wawili waliokuwa taa za nchi hizi, Sayyid Ahmad bin Abibakar bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir, ambao wote wawili walifariki katika 1925. Pamoja na vitabu vya fiqihi na nahau na tafsiri, alikuwa akisoma yanayoandikwa Misri. Gazeti la Al-Manar, alilolianzisha Sayyid Rashid Ridha mjini Cairo katika 1898, lilimfikia, na ndani yake akaona fikra za Sheikh Muhammad Abduh juu ya kuzindua umma kwa elimu. Hakuzichukua kwa kuiga. Alizipima kwa hali ya watu wake.

Na hali ya watu wake ilikuwa ya kusikitisha. Wamishionari walikuwa na skuli zao Rabai na Freretown tangu karne ya 19, na waliosoma humo ndio waliokuwa wakiingia maofisini. Serikali ya Kiingereza ilifungua skuli ya watoto wa Kiarabu Mombasa katika 1912, lakini watu waligawanyika mbali mbali. Wako waliowazuia watoto wao kwa kuogopa wasipotee katika dini yao, wakakosa elimu ya kazi. Na wako waliowapeleka huko na wasijali tena kama mtoto anaijua sala au haijui. Baina ya makundi haya mawili aliyedhulumiwa ni mtoto, kwani huyu alinyimwa dunia yake na yule alinyimwa dini yake, na wote wawili walinyimwa na wazazi wao wenyewe.

Sheikh Al-Amin alisimama katikati. Katika 1930 alianza kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, na katika Februari 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, maana yake Matengenezo, kwa Kiswahili na Kiarabu. Gazeti hilo halikuishi muda mrefu, lakini makala zake hazikufa. Na makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichotolewa katika 1944. Humo mna maneno makali juu ya uvivu, juu ya kuiga Wazungu katika mavazi na ulevi na kuacha kuwaiga katika bidii na maarifa, na juu ya mali inayomwagwa katika harusi na matanga. Kwani mtu hukopa kwa ajili ya karamu ya siku tatu, na mwanawe akitaka kitabu huambiwa hapana kitu.

Makala hizo zinarudia jambo moja, nalo ni kuwa elimu ya dini na elimu ya dunia si maadui. Alitaka watoto wa Kiislamu wasome hesabu na jiografia na lugha, na alitaka skuli za serikali zifundishe dini na Kiarabu. Tena aliandika juu ya wajibu wetu kwa wanawake, na katika wajibu huo akaitia elimu. Zama hizo wengi waliona kuwa msichana akijua kuandika ataandikia barua wanaume. Sheikh aliona kuwa mama ndiye chuo cha kwanza cha mtoto, na asiyesoma hawezi kusomesha.

Hakukomea kwenye kuandika. Katika miaka ya 1930 alianzisha Mombasa madrasa iliyopewa jina la Imamu Ghazali, ili watoto wasome kwa mpango, kwa madarasa, na kwa kufahamu, si kwa kukariri wasiyoyajua maana. Akatunga vijitabu vya mafundisho ya dini kwa Kiswahili chepesi. Hapana shaka yoyote kuwa alikuwa na uwezo wa kuandika vitabu virefu kwa Kiarabu, na tarehe ya Mazrui aliyoiandika kwa lugha hiyo ni ushahidi. Lakini mwanachuoni anayeinama mpaka afikie kimo cha mtoto hufanya kazi nzito kuliko anayepanda mimbari. Katika waliopita mikononi mwake ni Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambao wote wawili walikuja kuwa Makadhi Wakuu wa Kenya.

Yeye mwenyewe alipewa ukadhi wa Mombasa katika 1932, na katika 1937 akawa Kadhi Mkuu. Kazi ya kadhi ni mirathi, ndoa, talaka na malezi. Basi aliyekuwa yatima akakaa katika kiti ambacho mbele yake huletwa mayatima, na wana wa waume walioacha wake wao bila ya matumizi.

Alifariki Mombasa tarehe 1 Aprili 1947, na tafsiri ya Qur'ani aliyokuwa akiiandika kwa Kiswahili hajaimaliza. Mwanawe Ali, aliyezaliwa 1933, aliachwa na umri wa miaka 14, yatima kama alivyokuwa babake. Huyo naye hakuachwa bure. Alipata shahada yake ya juu Oxford katika 1966, akawa Profesa Ali Mazrui aliyejulikana ulimwengu mzima mpaka alipofariki katika 2014 na kuzikwa Mombasa.

Ndugu zangu, leo haki hii imeandikwa hata katika sheria za serikali. Katiba ya Kenya ya 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamhesabu mzazi asiyempeleka mtoto skuli kuwa mkosa. Sheria ya Watoto ya 2022 imekuja kuyatilia nguvu hayo. Sisi hatukungoja sheria hizi, kwani aya za kwanza kuteremshiwa Mtume wetu ni amri ya kusoma. Lakini tujiulize kwa haki. Katika njia za mji huu wa Eldoret wako watoto wanaolala nje na kuvuta gundi, na wengine wana majina kama ya wanetu. Huko pwani wako wasichana wanaotolewa skuli kabla ya kumaliza, na wavulana wanaopelekwa kuchukua mizigo na ilhali ami zao wana uwezo. Na katika vyuo vyetu wako watoto wanaochukia Qur'ani kwa sababu hawakuijua ila kwa bakora. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa bakora, na miaka ya mwanzo ya kusomesha niliishika, mpaka nilipomwona mtoto akitetemeka kabla hata sijafungua msahafu. Tangu siku hiyo niliiweka chini.

Basi asiye na mtoto atazame mtoto wa nduguye, na aliyesoma kwa mtu amtazame mwana wa mwalimu wake. Sheikh Suleiman alimsomesha mtoto mmoja tu asiyekuwa wake, na matunda yake tunayala mpaka hivi leo, hata sisi tulio mbali huku bara.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na atujaalie tuwe wenye kulipa deni hili kabla hatujaulizwa. Amin.