Amri Abedi: Kutoka Ujiji hadi kiti cha umeya

Sisi tunaoishi kwa kuvuka mpaka, serikali tunayokutana nayo kila siku si ya rais wala ya waziri. Ni ya mji: ushuru wa soko, leseni ya kibanda, takataka, njia ya kupitisha mkokoteni. Ndiyo maana nikitafuta mtu wa kumsimulia kutoka kwa jirani zetu wa Tanzania, namwendea meya. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi ndiye Mwafrika wa kwanza aliyeshika umeya wa Dar es Salaam, mwaka 1960.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Wanaoshukia bandari ya Kigoma wanaujua mji huo. Wakazi wake wengi asili yao ni Manyema, ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili kiliota mizizi pale tangu enzi za misafara. Mtu wa Ujiji akiulizwa kwao ni wapi, mara nyingi jibu huvuka maji. Nalitaja hili kwa makusudi, maana wapo wenzetu waliorudi nyumbani ambao kila wakifika ofisini huulizwa swali hilo hilo.

Alisoma Tabora, kisha akaifuata dini. Alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya, kundi dogo ambalo Waislamu wengi wa pwani hawakukubaliana nalo hata kidogo. Alimsaidia Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953, tafsiri iliyozusha ubishi mkubwa. Baadaye alikwenda Rabwah, Pakistani, kuongeza elimu. Aliporudi aliingia katika siasa za TANU.

Hebu fikiria basi: mtu wa bara, asili ya kando ya ziwa, wa madhehebu yasiyopendwa, anakalia kiti cha meya katika mji mkuu ulioko pwani! Kabla yake kiti hicho kilikuwa cha Wazungu na Waasia. Tajiri Abdulkarim Karimjee aliwahi kukikalia. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa na wakoloni: Wazungu huko Oyster Bay, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu zaidi ya 128,000, wengi wao Waafrika, lakini lami na mabomba havikugawanywa kwa hesabu hiyo.

Nisimpambe kupita kiasi. Umeya wa Kiingereza haukuwa na nguvu kama za musitanteri wetu. Meya aliongoza vikao na kuvaa joho, na shughuli za ofisi zilikuwa mikononi mwa karani wa mji. Lakini mchuuzi wa Kariakoo sasa aliweza kumtazama mkuu wa mji wake na kuona mtu wa lugha yake. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kubwa kuliko joho. Dar es Salaam ilipata hadhi ya jiji Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1962 alipewa ukuu wa Mkoa wa Magharibi, akarudi upande wa kwao. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, na hapo akaanza kazi ambayo ndiyo naipenda zaidi katika maisha yake: kutafuta maneno ya Kiswahili ya sheria. Raia anayeshitakiwa kwa lugha asiyoijua hana hata njia ya kubisha. Aliyewahi kusaini karatasi ya forodha asiyoielewa ananielewa. Mwisho alikabidhiwa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni.

Mliosoma Ulyankulu, Katumba au Mishamo, kama mimi, mnamjua kwa jambo jingine. Vina na mizani tulivyohesabishwa darasani kwa vidole vilikuwa vimepangwa katika kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichochapwa mwaka 1954. Sheria za mashairi alizitunga miaka 9 kabla ya kukabidhiwa zile za serikali.

Alifariki Oktoba 1964 huko Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Arusha kuna uwanja wa mpira wenye jina lake. Wafanyabiashara mnaopitia huko kuelekea Namanga mtauona katikati ya mji.