Ajali Haina Kinga? Maisha ya Beryl Markham Yana Jibu

Ndege ndogo ya mafunzo ikishuka kwa dharura kwenye shamba la mahindi kule Migori au kando ya ziwa Homa Bay, mambo hayatakuwa tofauti na ikishuka huku kwetu Kwale au Kilifi. Watu watakimbia kuizunguka, simu zitainuliwa juu, na kabla vumbi halijatulia mzee mmoja atasema: ajali haina kinga.

Methali ni yetu na siibezi. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka tuipime kwa maisha ya mwanamke mmoja aliyekulia Kenya, akafundishwa kuruka Nairobi, akapoteza rafiki Voi, na mwisho akaanguka mbali sana na nyumbani akatoka mzima.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Alikuwa mtoto wa miaka minne hivi alipoletwa Kenya na wazazi wake. Mama hakukaa, akarudi kwao. Baba yake, Charles Clutterbuck, akabaki na binti huyo Njoro, akifuga na kufunza farasi. Kwa hiyo Beryl alilelewa zaidi na watu wa shamba kuliko na wazungu wenzake. Alikiongea Kiswahili tangu utotoni, akaenda kuwinda na vijana wa Kinandi na Kikipsigis, na mmoja wao, Kibii, ambaye baadaye aliitwa arap Ruta, akawa mwenzake wa kazi kwa miaka mingi. Alipofika umri wa miaka 18 hivi tayari alikuwa na leseni ya kufunza farasi wa mashindano, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Ndege zilimpata akiwa mtu mzima. Wakati huo anga ya Kenya ilikuwa changa. Mwaka 1929 Florence Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na jina lake ndilo hilo tunalolitaja hadi leo tunapozungumzia uwanja wa Wilson. Rubani mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Tom Campbell Black, na yeye ndiye aliyemfundisha Beryl mwaka 1931 kwa ndege aina ya Gipsy Moth.

Gipsy Moth ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, injini moja, viti viwili vya wazi, kimoja mbele ya kingine. Vilabu vingi vya urubani vya zama hizo viliitumia kufundishia. Ilikuwa nyepesi na tiifu, lakini haikumsamehe aliyeipuuza. Marubani wa Nairobi walilijua hilo. Machi 1928 Maia Carberry, mmoja wa wanawake wa kwanza kuruka Kenya, aliangukia Nairobi alipokuwa akimfundisha mwanafunzi. Walikufa wote wawili.

Sasa tuje kwetu pwani. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyejulikana kwa kuongoza safari za uwindaji, alikuwa na nyumba Takaungu, Kilifi. Alikuwa pia na Gipsy Moth yake mwenyewe. Mei 1931 alijitayarisha kuruka kuja pwani, kisha apitie Voi kutafuta tembo kutoka angani, jambo ambalo lilikuwa bado geni. Alimwalika Beryl. Tom Campbell Black alimsihi mwanafunzi wake asiende safari hiyo. Beryl alisikia, akabaki Nairobi.

Finch Hatton alisafiri na Kamau, Mkikuyu aliyekuwa mtumishi wake. Walipotua huku pwani, jiwe la matumbawe liliharibu rafadha, yaani lile panga linalozunguka puani mwa ndege. Ikabidi nyingine iletwe kutoka Nairobi. Ilipofungwa, wakaelekea Voi, wakalala. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 ndege ilipaa Voi, na muda mfupi baadaye ikaanguka na kuwaka moto. Sababu yenyewe haikuwahi kuthibitishwa.

Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong, akaandikiwa vitabu, akachezewa filamu. Kamau, ukimtafuta katika vitabu hivyo, utampata kwa jina moja na sentensi moja. Beryl aliweza kusema hapana kwa kuwa alikuwa na mwalimu wa kumwonya na uhuru wa kukataa. Mtumishi wa mwaka 1931 aliyeambiwa panda, alipanda.

Beryl hakuacha kuruka. Mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza. Mwaka 1933 alipata leseni ya kuruka kwa malipo, mwanamke wa kwanza Kenya kufanya hivyo. Akawa anabeba barua, abiria na dawa. Safari moja aliyoisimulia ilikuwa ya usiku, kupeleka oksijeni kwa mgonjwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Nungwe, si Nungwi ya Unguja, bali ile iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria, ziwa lile lile linaloosha Homa Bay na Migori. Alitafuta pia tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji, kazi ile ile aliyokuwa ameifuata Finch Hatton.

Katika kazi hizo zote alikuwa na injini moja, na injini moja ikizima hakuna ya pili. Ndiyo maana mwanafunzi wa urubani, zamani na leo, hufundishwa kutua bila injini kabla hajaachiwa ndege peke yake. Mwalimu hupunguza moto ghafla angani na kumwuliza mwanafunzi atatua wapi. Mwanafunzi anatakiwa kuinamisha pua ya ndege ili isipoteze mwendo, achague shamba, aukabili upepo, afunge petroli na kuzima umeme wa injini, kisha aguse ardhi polepole kadiri awezavyo. Kosa linaloua ni la kibinadamu kabisa: mtu akiona ardhi inamjia, mkono wake humvuta kuinua pua. Ndege hupoteza mwendo, mabawa hayabebi tena, nayo hudondoka kama jiwe.

Beryl alilipimwa somo hilo usiku wa Septemba 4, 1936. Aliondoka Abingdon, Uingereza, kwa ndege ya Vega Gull aliyoazimwa na John Carberry, mume wa marehemu Maia, akikusudia kufika New York peke yake. Hakuwa na redio. Upepo ulimpinga njia nzima. Gizani juu ya bahari tangi moja lilikwisha, injini ikanyamaza, na ndege ikashuka kuelekea mawimbi. Alishikilia pua chini, kinyume na kila alichotaka mwili wake, hadi petroli ya tangi jingine ilipofika na injini ikawaka.

Baada ya saa 21 na dakika kadhaa injini ilizima tena, safari hii juu ya Nova Scotia, Kanada. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi, petroli ikashindwa kuteremka. Chini palikuwa na mawe na kinamasi. Alikiendea kinamasi. Magurudumu yalizama, pua ikajichimbia topeni, naye akapasuka kwenye paji la uso. Akatoka akitembea. Hakufika New York kwa ndege ile, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua.

Majuma mawili baadaye, tarehe 19 Septemba, Tom Campbell Black alikufa katika uwanja wa Speke, Liverpool. Hakuwa angani. Alikuwa ndani ya ndege yake ardhini wakati ndege ya jeshi ilipomgonga.

Hapo ndipo mzee wa methali atasema, si niliwaambia? Ana haki kiasi chake. Maia alikuwa mwalimu, Tom alikuwa bingwa, na ajali haikuwaheshimu. Lakini Beryl alirudi Kenya baada ya vita, akafunza farasi walioshinda mbio kubwa, na akafa Nairobi Agosti 1986 akiwa na miaka 83. Sehemu ya miaka hiyo ilikuwa bahati. Sehemu nyingine ilikuwa somo alilolirudia hadi mkono ukalijua, na neno la mwalimu ambalo alikubali kulisikia.

Kwa hiyo ndege ya mafunzo ikitua shambani na vijana wawili wakatoka wazima, tusiseme wameanguka tu wakapona. Huenda wamefanya sawasawa walichofundishwa. Sisi wa chini tuwasaidie watoke, tukae mbali na petroli, sigara tuzizime, na mabaki tuwaachie wachunguzi. Na mzazi mwenye mtoto katika chuo cha urubani asione haya kuuliza: mwanangu ameshafundishwa kutua injini ikizima? Na akiona jambo si sawa asubuhi hiyo, anaruhusiwa kusema siruki?

Kamau hakuwa na wa kumwulizia.