Maisha ya Daktari Edmund Biernacki

Mgonjwa wa baridi yabisi ile ivimbishayo viungo akienda hospitali hutolewa damu kidogo, kisha daktari huweza kusema kama ugonjwa umechachamaa au umetulia. Mmoja wa waliotufungulia njia hiyo ni Edmund Biernacki.

Alizaliwa mwaka 1866 katika mji wa Opoczno, nchi ya Poland. Siku zile sehemu hiyo ilitawaliwa na Urusi. Alisoma udaktari Warsaw, akatibu wagonjwa huko.

Damu ikizuiwa isigande na kuachwa katika chombo cha kioo, chembe nyekundu huzama na maji ya manjano hubaki juu. Wengi waliliona jambo hilo, Biernacki alilipima. Akagundua kwamba damu ya wagonjwa wenye homa huzama upesi kuliko ya watu wazima wa afya, na kwamba sababu ni fibrinojeni, kitu kile kigandishacho damu. Sasa twajua kuwa viungo vikivimba kwa ugonjwa, fibrinojeni huzidi, chembe zikashikamana kama sarafu zilizopangwa, zikashuka haraka.

Mwaka 1897 alichapisha habari hizo kwa Kipolandi na Kijerumani, lakini hazikushikwa sana. Baadaye alihamia Lwów, akafa huko mwaka 1911, kabla ya kutimiza miaka 50. Hakuona matunda ya kazi yake.

Mwaka 1918 Robin Fåhraeus wa Sweden alilifikia jambo lilo hilo alipochunguza damu ya waja wazito. Mwaka 1921 Alf Westergren, wa nchi hiyo hiyo, aliweka utaratibu wa mrija wenye alama za milimita, usomwao baada ya saa moja. Jina la Westergren ndilo lililoenea duniani.

Siku hizi hupimwa pia protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930, ambayo hupanda na kushuka upesi zaidi. Vipimo hivi havitaji jina la ugonjwa. Huonyesha ukali wake tu. Kwa hiyo daktari huvirudia, apate kujua kama dawa inafaa kabla viungo havijapindika.

Nchini Poland kipimo kile cha kwanza huitwa hata leo kwa jina la Biernacki. Basi, wanafunzi wenzangu, tupime kwa uangalifu na kuandika tuliyoyaona, hata kama leo hakuna asikilizaye.