MARTIN LUTHER NA BIBI YAKE KATHARINA



Kila mara tunapokwenda kwenye arusi kanisani, tunasikia mchungaji akisoma Waefeso sura ya 5. Pale mtume Paulo anafananisha bwana na bibi yake na Kristo na Kanisa. Sisi wanafunzi tunaitika Amina, kisha tunaanza kuangalia nguo za bibi arusi na kungojea chakula. Lakini maana yake ni nini? Katika namba hii tunataka kulieleza jambo lile kwa njia ya maisha ya mtu mmoja. Jina lake tunalijua sisi wote Waprotestanti, lakini habari ya nyumba yake wachache tu wanaijua. Ni Martin Luther.

1. Mtawa mwenye hofu

Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 katika mji wa Eisleben, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi ya madini ya shaba, kama wazazi wengi wa kule Katanga. Alimlipia mtoto masomo kwa taabu, akitaka awe mtu wa sheria. Lakini mwaka 1505 kijana alikutwa na radi njiani, akaogopa kufa, akaapa kuwa mtawa. Siku chache nyuma aliingia nyumba ya watawa ya Erfurt. Baba alikasirika sana.

Mle ndani Luther alifunga, alikesha, aliungama zambi zake kila mara. Hata hivi hakupata amani. Alimwona Mungu kama mkubwa mkali ambaye mtu hawezi kumtosheleza hata akifanya nini. Wakati ule watu walifundishwa kwamba watawa wako karibu na Mungu kupita wengine. Masera walivikwa kitambaa cha kichwa kama mabibi arusi wa Kristo. Mama wa kijijini, mwenye kulima na kulea watoto, alijiona yuko mbali, nyuma kabisa.

2. Bwana arusi tajiri na bibi arusi mwenye deni

Luther akawa mwalimu wa Maandiko katika universite ya Wittenberg mwaka 1512. Kwa kusoma barua za Paulo, aliona kwamba Mungu anampa mtu haki bure, kwa imani. Mwaka 1517 aliandika hoja 95 juu ya biashara ya vyeti vya msamaha, na fujo ikaanza. Mwaka 1520 alitoa kitabu kidogo juu ya uhuru wa Mkristo. Ndani yake alitumia mfano wa arusi.

Tunaueleza kwa maneno yetu. Watu wawili wakioana, mali yao inakuwa moja. Kama bwana ni tajiri, bibi naye anakuwa tajiri. Kama bibi ana deni, deni linakuwa la bwana. Sasa Kristo ni bwana arusi tajiri, na roho ya mtu ni mwanamke maskini mwenye sifa mbaya na madeni mengi. Kristo hamwambii alipe kwanza. Anamwoa vilevile alivyo. Imani ni kama pete ya arusi: kwa ile pete, zambi za bibi zinakuwa za Kristo, naye anazimaliza, na haki ya Kristo inakuwa ya bibi.

Basi, matendo mema yana kazi gani? Luther alijibu kwamba yanafuata. Bibi hapiki ili aolewe. Anapika kwa sababu ameolewa tayari, na anapenda watu wa nyumba yake. Tena mfano huu si wa masera peke yao. Ni wa kila mwamini, hata yule mama wa shamba.

3. Masera ndani ya gari la samaki

Mwaka 1521 Luther alifukuzwa katika kanisa la Roma. Maandiko yake yalikuwa yameenea pote, hata katika nyumba za masera. Katika nyumba ya Nimbschen kulikuwa na sera mmoja, Katharina von Bora, aliyezaliwa 1499. Aliwekwa kwa masera tangu utoto na akaapa mwaka 1515, akiwa na miaka 16. Usiku wa Pasaka wa 1523 yeye na wenzake walitoroka ndani ya gari la farasi la mfanyabiashara aliyezoea kuwaletea samaki. Ilikuwa hatari, kwani sheria iliweza hata kumwua mtu aliyewatorosha masera. Tisa kati yao walifika Wittenberg.

Luther aliwatafutia bwana ao jamaa ya kukaa nayo. Katharina alibaki. Kijana mmoja aliyempenda alikatazwa na wazazi wake. Mwanaume mwingine aliyeletwa, Katharina alimkataa wazi. Akasema kwamba angekubali Luther mwenyewe ao rafiki yake mmoja. Wasichana wa shule yetu, mnasikia? Hakungoja watu wapange maisha yake kama mzigo wa soko.

Walioana tarehe 13 Juni 1525. Luther alikuwa na miaka 41, Katharina 26. Marafiki wengine walinungunika, juu ilikuwa wakati wa vita vya wakulima na damu ilimwangika nyingi. Kule desturi ilikuwa tofauti na yetu: mali ilitoka kwa jamaa ya msichana. Katharina hakuwa na kitu. Alikuja mikono mitupu, akapokelewa.

4. Nyumba yao

Walikaa katika nyumba ya watawa iliyobaki bila watu. Katharina aliigeuza. Alilima bustani, alifuga nguruwe na ngombe, alipika bia ya nyumbani kama desturi ya nchi, na alipangisha vyumba kwa wanafunzi. Luther alikuwa mtu wa kugawa feza bila kuhesabu. Bila bibi yake wangelala njaa. Mwaka 1527, wakati wa ugonjwa wa tauni, wengi walikimbia mji. Wao walibaki na kutunza wagonjwa mle nyumbani.

Walizaa watoto sita. Elisabeth alikufa mwaka 1528 akiwa mchanga. Magdalena alikufa mwaka 1542 na miaka 13, umri wa wadogo zetu wa darasa la kwanza. Luther alilia sana karibu na kitanda chake. Yeye aliyefundisha watu ufufuo alishindwa kujizuia, na sisi hatumlaumu.

5. Kosa lake

Hatutaki kumfanya mtakatifu. Mwaka 1539 mtawala mmoja, Filipo wa Hesse, aliyekuwa na bibi, alitaka kuoa wa pili. Luther na wenzake walimruhusu kwa siri. Siri ikatoka mwaka 1540, ikawa haya kubwa. Yule aliyefananisha ndoa na Kristo na bibi arusi wake mmoja alikubali mkubwa avunje mfano. Alimwogopa mwenye nguvu. Tukumbuke jambo hili, sisi tunaojua vizuri habari ya nyumba za mabibi wawili na machozi yake.

6. Maandiko ya urithi

Lakini njo hapa tunataka mkae kidogo. Mwaka 1542 Luther aliandika kwa mkono wake nani atarizi mali yake. Sheria ya nchi ya Sachsen ilimpa mjane sehemu ndogo tu. Luther aliandika kwamba nyumba na vitu viwe vya Katharina, naye awaongoze watoto. Alisema kwamba amekuwa bibi mwaminifu.

Luther alikufa Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Wenye sheria walibishana juu ya maandiko yale. Mtawala alimsaidia Katharina, lakini vita vikaja, akakimbia, mashamba yakaharibika. Alikufa katika mji wa Torgau mwaka 1552, baada ya kuanguka kutoka gari akikimbia tauni.

Wapendwa, tumeona wajane wanaofukuzwa nyumbani kabla majani ya kaburi hayajaota. Ndugu wa marehemu wanachukua sahani, kitanda, hata mabati. Pengine ndugu wale wanaimba kwaya nasi. Basi tujiulize: kama Kristo amempa bibi arusi wake vyote, mtu anayemnyanganya mjane anahubiri Kristo gani?

Siku moja sisi pia tutaoa na kuolewa. Mfano wa Paulo hautaonekana katika nguo nyeupe ya siku moja. Utaonekana katika deni tutakalobeba pamoja, katika mgonjwa tutakayemtunza, na katika karatasi tutakayoandika mapema, ili yule tuliyempa pete asibaki mikono mitupu.